Wazee wa Keya Walirudi, Nani Aliwauliza?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mchuuzi aliyekuwa na shida na meza yake katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, alielekezwa kwa msimamizi wa soko, kijana mtanashati aliyeitwa Abdulwahid Sykes. Wengi walimjua kwa marehemu baba yake, Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929. Waliomjua kwa Burma walikuwa wachache. Haikuwa imepita miaka kumi tangu avae magwanda ya jeshi la Keya na kuvushwa Bahari ya Hindi kwenda kwenye vita vya Wajapani, na sasa kazi yake ilikuwa ugomvi wa mafungu ya nyanya na ushuru wa ndizi.

Mahali penyewe pana kisa chake. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jina lililotafunwa na ndimi za wenyeji mpaka likalainika. Nairobi nao walilitafuna kwa namna yao, likawa Kariokor. Kwa hiyo mkongwe wa vita vya pili alikuwa akisimamia soko lenye jina la wapagazi wa vita vya kwanza, na hakuna aliyeona ajabu. Watu walikuja kununua mchicha.

Hivyo ndivyo Afrika Mashariki ilivyoishi na watu wake waliopigana ng'ambo. Majina yao yamo mitaani na sokoni, sanamu zao zimesimama kwenye barabara kuu, lakini habari ya siku waliyorudi nyumbani, na ya mwaka uliofuata siku hiyo, haikutafutwa ipasavyo. Na waliokuwa nayo karibu wote wamekwisha kuzikwa.

Keya ni K.A.R., King's African Rifles, jeshi la mfalme wa Uingereza lililoundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya makoloni yake ya upande huu. Katika Vita vya Pili vya Dunia Kenya ilitoa watu wapatao 98,000 kwa ajili ya jeshi, Tanganyika zaidi ya 80,000 na Uganda zaidi ya 70,000. Si wote walioshika bunduki. Walikuwamo madereva, wapishi, wauguzi, mafundi wa simu na watengeneza barabara. Wala si wote waliojitolea, maana wapo waliokabidhiwa na chifu kwa sababu hesabu ya wilaya ilitakiwa itimie. Walianza kwa kupambana na Waitaliano Somalia na Ethiopia, mwaka 1942 wakatua Madagascar, na mwaka 1943 ikaundwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru. Ilipelekwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, na katikati ya mwaka 1944 ikaingizwa Burma.

Huko ilikabidhiwa Bonde la Kabaw wakati wa mvua za monsuni. Malori yalizama kwenye tope, chakula kikaangushwa na ndege kwa miamvuli, malaria na homa inayoletwa na utitiri zikawalaza watu hata pale ambapo Wajapani hawakuonekana. Askari walimeza vidonge vya kuzuia malaria vilivyoigeuza ngozi kuwa ya manjano. Desemba 1944 divisheni ilifika Kalewa, na juu ya mto Chindwin likatandikwa daraja la chuma la zaidi ya futi 1,100, lililosifiwa wakati huo kuwa refu kuliko yote ya aina yake, ili Jeshi la 14 la Jenerali William Slim livuke. Jeshi hilo lenyewe lilijiita Jeshi Lililosahaulika, kwa kuwa magazeti ya London yalikuwa yameelekeza macho Ulaya. Basi askari wa kutoka Songea au Machakos alisahauliwa mara mbili, ndani ya jeshi ambalo tayari limesahauliwa.

Wengine hawakuuona hata huo msitu. Februari 1944 meli Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na zaidi ya watu 1,500, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa torpedo, na meli ikazama ndani ya dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297. Ni miongoni mwa misiba mikubwa kabisa ya baharini iliyowahi kuwapata watu wa ukanda huu, na mtu anaweza kuzaliwa Mombasa, akasoma Mombasa, akazeekea Mombasa, bila kuisikia ikitajwa.

Vita vilikoma Agosti 1945, lakini kukoma kwa vita na kurudi nyumbani ni mambo mawili. Meli zilikuwa haba. Askari wa Afrika Mashariki walibaki kambini India na Ceylon miezi mingi, wengine hadi 1946, wakipiga gwaride lisilo na adui mbele yake. Manung'uniko yalikuwa mengi, na maafisa waliyajua vizuri, kwa sababu barua za askari zilifunguliwa na kusomwa kabla ya kupelekwa posta. Taarifa za wakaguzi hao wa barua ni katika kumbukumbu chache ambamo sauti ya askari wa kawaida inasikika, na ni kejeli ya aina yake kwamba aliyemsikiliza kwa makini kuliko wote ni yule aliyelipwa kumchunguza.

Serikali za kikoloni zilikuwa na hofu. Mtu aliyeiona Calcutta, aliyemwona Mwingereza akilia kwa woga handakini, aliyefundishwa kuua mtu asiye mweusi na kupongezwa kwa hilo, atakaaje tena chini ya chifu? Dawa iliyobuniwa ilikuwa kumfikisha kila mmoja wilayani kwake upesi, asipate nafasi ya kuranda mjini na wenzake. Kwa wachache palikuwa na mafunzo ya ufundi, kama yale ya Jeanes School huko Kabete, ambako leo pana Chuo cha Serikali cha Kenya. Waliobaki walipewa nauli, cheti na maneno mazuri.

Kwa mtu wa Kenya kulikuwa na jambo jingine, dogo kwa umbo. Kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa vita vya kwanza vilipokwisha: kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake, mshahara wake na sifa aliyopewa na mwajiri huyo. Karatasi ilitiwa ndani ya kibweta cha bati, kibweta kikafungwa kamba, kamba ikavaliwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Sasa mfikirie koplo aliyeongoza watu usiku wa mvua ya Kabaw, mwenye nishani ya nyota ya Burma katika utepe wa bluu, nyekundu na rangi ya chungwa. Amefika kwao, ameshangiliwa, amekula mbuzi wa kukaribishwa. Juma linalofuata anakwenda mjini kutafuta kazi, na kitu cha kwanza anachoulizwa kinapaswa kuning'inia shingoni. Nishani ipo kifuani, kengele haipo. Polisi anataka kengele. Sheria mpya ya usajili ya mwaka 1947 ndiyo iliyoanza kuuondoa mtindo huo, baada ya malalamiko ya miaka mingi.

Kisha fedha. Kila askari alipata kiinua mgongo kulingana na cheo na miezi aliyotumika, na kulingana na rangi. Jambo hili wazee walikuwa wakilisema barazani kwa miaka, likichukuliwa kama kinyongo cha uzee, mpaka mwaka 2019 mwandishi wa habari Jack Losh alipochapisha nyaraka za serikali ya Uingereza zilizoonyesha kwamba askari weupe wa makoloni ya Afrika walilipwa hadi mara tatu ya wenzao weusi wa cheo kilekile. Haikuwa kosa la karani mmoja. Palikuwa na jedwali. Mtu alikaa mezani, akachora safu, akaandika rangi juu ya safu na shilingi chini yake, na wakubwa wakaweka sahihi. Miaka zaidi ya sabini ikapita kabla ya kauli ya mzee kuaminiwa, na iliaminiwa kwa kuwa karatasi ya Kizungu ilikubaliana nayo. Hapo wahariri na wanahistoria wa Afrika Mashariki wana la kujibu, kwa sababu karatasi ilikuwa mbali lakini mzee alikuwa jirani.

Ardhi nayo ilifuata mkondo huohuo. Baada ya vita vya kwanza, mpango wa mwaka 1919 uliwagawia maaskari wa Kizungu mashamba Kenya, mengine yakiwa yamemegwa katika nchi ya Wanandi. Baada ya vita vya pili ulikuja mpango mwingine wa kuwakalisha Wazungu waliotoka jeshini katika nyanda za juu. Aliyerudi Kiambu au Nyeri alikuta shamba la babaye limegawanywa na nduguze, na ng'ambo ya bonde jirani mpya akipima mipaka ya ekari zake mamia. Tanganyika, mwaka 1947, serikali ya London ilimwaga mamilioni ya pauni katika mradi wa karanga, Kongwa. Vifaru vya vita vilibadilishwa kuwa matrekta, vikang'oa mbuyu na mbuyu, na baada ya miaka michache mradi ukafa, ukiacha vyuma vikipata kutu. Kwa hiyo fedha ya kufufua mabaki ya vita ilikuwapo. Iliendea chuma.

Waliokuwa na kiinua mgongo mkononi walifanya yale ambayo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Walilipa mahari. Walinunua baiskeli, cherehani, ng'ombe. Wengine walichanga wakanunua lori kuukuu au kufungua duka, na maduka mengi yakafa kwa kukosa mtaji wa pili, kwa kukopesha shemeji, au kwa kushindana na mfanyabiashara aliyenunua bidhaa kwa jumla miaka ishirini. Kodi ya kichwa ilikuwa imewasubiri kwa uvumilivu.

Wawili kati ya waliorudi Kenya waliandika vitabu, na vitabu vyao vinasomeka mpaka leo kwa faida. Waruhiu Itote wa Nyeri, aliyejiunga na Keya mwaka 1942 na kufika Burma akiwa koplo, aliulizwa na askari wa Kiingereza vitani kwamba yeye Mwafrika anapigania nini hasa, na akabaki na swali hilo kichwani. Calcutta alizungumza na Mmarekani mweusi, na mazungumzo hayo yakaliongezea swali makali. Alichokishika zaidi ni kwamba mbele ya risasi askari mweupe na mweusi walilala tope moja, na kwamba usawa huo ulikwisha siku ile ile hatari ilipokwisha. Aliporudi alipata kazi ya kuchochea moto kwenye magari moshi ya reli. Miaka michache baadaye alikuwa msituni Mlima Kenya, akijulikana kwa jina la Jenerali China, akiwafundisha vijana wa Mau Mau aliyofundishwa na Waingereza kuhusu kuvizia.

Bildad Kaggia wa Murang'a alirudi kwa njia nyingine kabisa. Alikuwa sajini wa stoo, alipelekwa Mashariki ya Kati, kisha Uingereza. Huko aliwaona Wazungu maskini na Wazungu wanaofagia, akaona pia kwamba Ukristo wa kwao haukufanana na ule aliofundishwa na wamisionari. Alipofika nyumbani mwaka 1946 jambo la kwanza alilolivunja lilikuwa kanisa: alianzisha kundi lake la kidini, watu wakaliita Dini ya Kaggia. Siasa na vyama vya wafanyakazi vilifuata, kisha kesi ya Kapenguria na kifungo, pamoja na Jomo Kenyatta. Uhuru ulipopatikana Kaggia aliendelea kudai ardhi kwa wasio nayo, mpaka mwaka 1965 Rais Kenyatta, mbele ya umati, akamuuliza amejifanyia nini yeye mwenyewe, akimlinganisha na wenzake wa gerezani waliokwisha kujipatia mali. Alizeeka na kinu chake cha kusaga mahindi. Alifariki mwaka 2005. Katika masimulizi yote ya kurudi kutoka vitani, la Kaggia ndilo linalochoma zaidi, kwa sababu alidharauliwa mara ya pili na watu wa kwao.

Lakini hapa panahitaji tahadhari. Kwa sababu ya Itote na Kaggia, na kwa sababu ya ndugu wawili, Abdulwahid na Ally Sykes, waliotoka Keya wakaja kuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha TANU mwaka 1954, imejengeka simulizi tamu kwamba askari walirudi Burma wakiwa wamebeba uhuru ndani ya begi. Simulizi hiyo inapendwa na wanasiasa na watunga vitabu vya shule. Wanahistoria waliochimba jambo hili, Timothy Parsons na David Killingray miongoni mwao, wameonyesha kwamba wengi hawakuingia katika siasa kabisa. Walikwenda shambani. Walitaka leseni, walitaka punguzo la kodi, walitaka shule kwa watoto wao, na walipokosa walinung'unika kwa sauti ya chini kama majirani zao. Simulizi tamu imewaficha hao. Mzee ambaye hakuwa jenerali wa msituni wala mwenye kadi ya chama ya namba ndogo alionekana hana la kueleza, kana kwamba kulala miaka minne mbali na mkeo, kisha kumkuta ana mtoto wa miaka miwili, si jambo la kueleza.

Pia Keya lilikuwa jina zito baada ya 1952. Vikosi vilevile, pamoja na vile vya Tanganyika na Uganda, vilitumwa Kenya kuwasaka Mau Mau. Familia ya Nyeri iliyokuwa na mtoto msituni haikuwa na hamu ya kutundika ukutani picha ya mjomba mwenye kofia ya Keya. Serikali za uhuru nazo zilitaka mashujaa safi, na mtu aliyepigana chini ya bendera ya mfalme hakuwa safi vya kutosha. Kwa hiyo mzee alinyamaza, na kunyamaza kwake kukadhaniwa ni kusahau.

Kuna hasara nyingine, na wasomaji wa Kiswahili wanapaswa kuiona kama yao. Jeshi hili lilizungumza Kiswahili. Mganda, Mkamba, Mnyamwezi na Mnyasa walipokezana risasi na sigara kwa Kiswahili, na afisa kutoka Oxford alilazimika kujifunza, ingawa chake kilikuwa kibovu mno hata kikapewa jina lake, KiKAR. Vyeo vya ombasha na shaushi vilifika kwa askari Wasudani, pamoja na neno afande, ambalo leo dereva wa daladala analitamka akisimamishwa barabarani bila kujua kwamba limetoka Uturuki kwa njia ya Misri. Yalikuwapo hata magazeti ya askari kwa Kiswahili. Lakini kumbukumbu zilipochapishwa, ya Robert Kakembo wa Uganda mwaka 1946, ya Itote mwaka 1967, ya Kaggia mwaka 1975, zote zilitoka kwa Kiingereza. Kiswahili kina utenzi mkubwa wa vita hivyo, wa beti zipatazo 3,000, Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi ya Shaaban Robert, mtumishi wa serikali aliyevifuata vita akiwa Tanganyika. Ni kazi ya kujivunia. Lakini ilikuwaje aliyebaki akaandika beti 3,000 kwa Kiswahili, na aliyekwenda asiombwe hata ukurasa?

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Tanzania huweka mkuki, ngao, sime, shoka, upinde na mshale kwenye mnara, na tarumbeta hulia. Ni shughuli nzuri, yenye heshima. Kwa miaka mingi wazee wa Burma walikaa kwenye viti vya mbele wakiwa na nishani zao, wakasalimiwa na viongozi, wakapigwa picha, wakapewa soda, wakarudishwa nyumbani. Kamera zilikuwa nyingi. Vinasa sauti havikuwa vingi kiasi hicho. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vina idara za historia na vina wanafunzi wanaohangaika kila mwaka kutafuta mada ya tasnifu. Nyaraka za taifa zina masanduku ya barua za wakuu wa wilaya kuhusu wanajeshi waliorudi. Zisomwe, zitafsiriwe, zichapishwe katika magazeti ambayo mjukuu wa askari ananunua.

Kijana wa mwisho kabisa kuandikishwa, hata kama alidanganya umri, sasa angekuwa anakaribia miaka mia. Hao hawatafutwi tena kwa wingi. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1946 yuko katika miaka ya tisini au anaikaribia, na wapo kadhaa karibu kila tarafa. Yeye hakumbuki Kalewa wala Chindwin. Anakumbuka mwanamume mrefu aliyeingia uani na viatu vya kelele, mama akaangusha ungo, bibi akapiga vigelegele, na yeye akakimbilia nyuma ya ghala kwa sababu hakumjua mtu yule. Anakumbuka alichotolewa kwenye begi. Anajua baba alikuwa akipiga kelele usiku kwa lugha gani, na baiskeli iliuzwa mwaka gani. Anahitaji mtu mwenye simu yenye chaji, kigoda, na alasiri moja isiyo na haraka.